Sentensi Nilizomtungia Mjukuu Wangu

Nilianza kujifunza Kiingereza nikiwa mzee wa kutembea na fimbo, na sababu ilikuwa msichana mdogo ambaye sijawahi kumshika mkono. Ni mjukuu wangu. Binti yangu, mtoto pekee niliyebaki naye, aliolewa na Mzungu akahamia kwao, nchi ya baridi, na mtoto akazaliwa huko. Anajua Kiingereza tu. Mimi najua Dholuo, lugha ya kwetu, na Kiswahili hiki unachosoma, ambacho nilikiokota kando ya barabara nikitengeneza baiskeli za watu.

Kila Jumapili baada ya kanisa binti yangu alinipigia ile simu ya kuonana uso. Tukimaliza habari zetu anamleta mtoto mbele ya kioo, tunabaki kutazamana. Mtoto anapunga mkono, mimi napunga mkono. Akisema neno, mamake ananigeuzia kwa Dholuo. Nikijibu, mamake anamgeuzia kwa Kiingereza. Ilikuwa kama kula chakula ambacho mtu mwingine ameshakitafuna.

Sasa Jumapili moja sufuria ikachemka huko kwao na mama mtu akakimbia jikoni. Tukabaki wawili. Mtoto akaniletea mchoro, akauonyesha, akaeleza mambo marefu huku akigusa hapa na pale kwa kidole. Halafu akanyamaza akinitazama, na nikajua kwamba nimeulizwa swali. Nikasema, "Yes." Akakunja uso, akauliza tena polepole, vile mtu anavyomwambia kiziwi. Nikasema, "Yes, yes." Akanitazama kidogo, akakusanya karatasi yake akaenda. Nikabaki nikitazama kiti chake kitupu.

Kiti kile kilinikaa moyoni wiki nzima. Nyumba yangu ya Nyalenda ni chumba kimoja na veranda, na tangu mke wangu afariki ninapika ugali wa mtu mmoja, ambao ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, maana mkono umezoea unga wa wengi na kila siku unabaki. Nikawaza: nikiendelea hivi mtoto huyu atakua akinizoea kama picha ya ukutani. Ataipita tu.

Na si mtoto wa hivi hivi. Ngoja nieleze, ndipo yatakayofuata yaeleweke. Alipozaliwa alikataa kunyonya, akawa analia tu usiku na mchana. Hospitali nzima ya Wazungu ilihangaika, na binti yangu akanipigia simu akilia. Kwetu mtoto akilia namna hiyo anatafuta jina lake. Watu wanataja majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya lingine, mpaka lile analolitaka litajwe anyamaze. Nikamwambia binti yangu aniweke karibu na sikio la mtoto. Nikataja jina la mama yangu. Kelele. Nikataja la shangazi. Kelele. Nikataja jina la mke wangu, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na sauti ikakatika. Nikasikia mtoto akimeza. Huko wamempa jina lao la mbele, la kuandikiwa shuleni, lakini la pili ni lile. Kwa hiyo kwangu yule ni mjukuu, na pia ni mama wa nyumba yangu amerudi mdogo.

Basi nikaenda ngumbaru. Ndivyo tunavyoita masomo ya watu wazima, na ya mtaani kwetu hufanyika alasiri kwenye ukumbi wa kanisa, madawati yakiwa yale ya watoto wa Jumapili, magoti yanagusa kidevu. Mimi shule niliacha darasa la tatu, baba alipofariki ng'ombe wakakosa mtu. Mwalimu wetu ni mama aliyestaafu shule ya msingi, anakuja kwa pikipiki kutoka Nyamasaria akiwa amejifunga leso kichwani dhidi ya vumbi, na hata sisi wenye mvi anatushika kama watoto.

Aliyeketi karibu nami alikuwa mama anayeuza omena, wale samaki wadogo wa ziwani wanaoanikwa juani. Alitaka Kiingereza kwa sababu wahubiri wa kigeni wakija, yeye alitaka kusikia maneno kabla mkalimani hajayaharibu.

"Mzee, soma," mwalimu akaniambia siku za mwanzo.

"He go to the market."

"Go au goes?"

"Mwalimu, mtu akienda sokoni si ameenda? Hiyo s inamsaidia nini njiani?"

"Ni nauli yake," mama wa omena akasema. "Bila hiyo harudi."

Darasa likacheka, na nauli ile ikanishika kichwani. Mpaka leo nikiona he, she au it natafuta nauli kabla sijasonga.

Kile Kiingereza kina mambo yake. Kwetu mtu ni mtu, neno ni moja, awe mume awe mke; Kiswahili vilevile, yeye ni yeye. Kiingereza hakikuruhusu useme lolote juu ya mtu kabla hujatangaza ni he au ni she. Mama yangu nilimwita he muda mrefu, na mwalimu alinisamehe. Halafu mpangilio. Mimi fundi wa baiskeli nilielewa mpangilio haraka: anayetenda mbele, kitendo katikati, anayetendwa nyuma, na ole wako ukifunga gurudumu la nyuma mbele. Kwa Kiswahili nikisema samaki nimekula, au nimekula samaki, nimeshiba njia zote mbili. Kwa Kiingereza ukigeuza, samaki amekula wewe.

Baiskeli zenyewe ziliisha. Pikipiki zilikuja zikazimeza, na pale nilipokuwa nikiziba pancha siku hizi wanauza vifuniko vya simu. Sisemi kwa uchungu. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kuongea na wateja kutwa nzima, akikosa wateja, anaanza kuongea na kuku.

Siku moja mwalimu alitaka kila mtu atunge sentensi ya mtu wa nyumbani kwake. Nikasimama nikasema, "My wife sells fish." Nauli ilikuwapo, mpangilio ulikuwapo. Mwalimu akasema vizuri sana. Mama wa omena akainama kwenye daftari lake, kwa sababu yeye na mke wangu walikuwa wakipanga meza jirani kule Dunga, mmoja omena, mwingine samaki wa kukaanga. Mwalimu akaliona lile la kuinama. Akaniuliza polepole, "Bado anauza, Mzee?" Nikasema hapana. Akasema basi hapo ni sold, aliuza. Akaliandika ubaoni, akaendelea na mtu mwingine haraka haraka. Alikuwa mama mzuri.

Nilikaa humo msimu mzima wa mvua, ule ambao maji yalikuwa yakiingia Nyalenda mpaka tunavua viatu mlangoni kwenda nje badala ya kuingia ndani. Nikajifunza kuuliza kwa do na does, kukana kwa do not, na mambo ya kesho kwa will. Mwalimu akasema sasa ninaweza kumtungia mjukuu wangu mazungumzo yangu mwenyewe, si yale ya kitabuni ya kalamu iko juu ya meza.

Nikajua mara moja nitamwambia nini. Hapa nieleze desturi, ingawa msomaji wa kwetu atasema, mzee, hiyo tunaijua.

Kwetu babu na mjukuu hawaheshimiani kama baba na mtoto. Baba ni wa kuogopwa. Babu ni wa kutaniwa. Bibi yangu aliniita chwora, yaani mume wangu, tangu nikiwa sijavaa suruali. Nikipita uani anaanza: "Wewe mume gani, samaki wako wapi? Wenzako wamevua, wewe unacheza matope. Nitarudi kwetu!" Nami nikijibu, nikiwa mdogo hivyo: "Rudi! Nani atalipia mke asiyeona hata njia ya choo?" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hakuna aliyenipenda kuliko yule mama, na hivyo ndivyo nilivyojua. Babu naye humwita mjukuu wa kike chiega, mke wangu. Humlalamikia kwamba hajapika, humtishia kwamba ataoa mwingine. Mtoto akiweza kurudisha maneno, anakuwa amefika nyumbani, ni wa pale. Na ikiwa ameitwa jina la bibi yake mwenyewe, ndiyo zaidi. Usipomtania unamtenga.

Nikaziandika sentensi zangu, nikazisoma darasani nikiwa nimesimama.

"You are my wife. Why you not cook for me?"

"Why do," mwalimu akasema.

"Why do you not cook for me? I am hungry every day. If you do not come, I will marry another woman."

Yaani: wewe ni mke wangu, mbona hunipikii, nina njaa kila siku, usipokuja nitaoa mwanamke mwingine. Darasa lilifurahi sana. Kila mmoja pale alikuwa na bibi au babu aliyemlea kwa maneno hayohayo. Askari mmoja wa usiku, ambaye siku zote husinzia, aliamka akapiga makofi.

"Mwambie ni mimi utaoa," mama wa omena akasema. "Atakuja mbio."

"Wewe una madeni yaliyoota ndevu, nani atakuoa?"

"Na wewe una meza ya kulia? Nitakaa wapi, juu ya spana?"

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho kwa leso, halafu ualimu ukamrudia, akasema hapo tunaweza kujifunza neno who. Akaandika ubaoni: I will marry the woman who sells omena. Nitaoa mwanamke anayeuza omena. Tukaisoma sote kwa sauti, ukumbi mzima. Wapita njia walichungulia. Katika watu wote wale, na mwalimu amesomesha miaka na miaka, hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Tulitafuta makosa katika sentensi, na hayakuwapo.

Jumapili nilivaa koti. Niliweka simu kwenye kopo la majani ya chai, nikaketi veranda. Binti yangu alipomleta mtoto nikamwambia, leo tuache sisi wawili. Akashangaa, akatabasamu, akarudi nyuma kidogo. Nikaanza.

"You are my wife."

Mtoto akaacha kupunga mkono. Nyusi zake zikakutana, na hapo nikamwona mke wangu kabisa, vile alivyokuwa akimtazama mnunuzi anayeshika samaki bila kununua.

"No, I'm not," akasema, yaani yeye si mke wangu.

Nilifurahi nusura nianguke. Amejibu! Amerudisha! Nikaona moto umeshika, nikachochea: mbona hunipikii, nina njaa kila siku. Nilizisema zote, na kila do mahali pake. Nilipofika kwa mwanamke anayeuza omena mtoto akaita, "Mummy!" na simu ikaanguka chali. Nikaona dari. Dari nyeupe na taa. Nikasikia binti yangu akicheka, na sauti ya mwanamume ikiuliza jambo bila kucheka. Halafu binti yangu akaonekana, uso umelowa machozi ya kicheko, akasema, "Baba, nitakupigia." Ikakatika.

Niliingia ndani nikapika nikiimba.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Nikasema ni mtandao. Iliyofuata tena, nikasema labda wamesafiri. Niliendelea kuketi veranda na koti, kwa sababu simu ikikukuta umelala inakuona. Darasani wakiniuliza mke wako amesemaje, nikawaambia anafunga mizigo. Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Binti yangu alinipigia siku ya kazi, mchana, akiwa peke yake ndani ya gari.

"Baba, mtoto alimwambia mwalimu wake."

"Alimwambia nini?"

"Kwamba babu yake amesema yeye ni mke wake. Kwamba akikosa kuja utaoa mwingine."

"Sasa si ndivyo nilivyosema? Alikumbuka yote?"

"Baba, huku mtoto akisema neno kama hilo shuleni, wanaliandika. Tuliitwa. Mimi na babake tuliketi mbele ya watu tusiowajua, wakatuuliza wewe ni nani, unaishi wapi, unaongea na mtoto mara ngapi. Mtoto waliongea naye peke yake."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa polepole, kipande kwa kipande, na nilipofika mwisho niliona aibu ya namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona, aibu ya jambo ambalo hata kulitaja huwezi.

"Nimewaeleza desturi yetu," akasema. "Wameelewa. Nadhani wameelewa. Walisema asante kwa maelezo."

"Lakini wewe ulicheka," nikamwambia. "Siku ile nilikusikia ukicheka."

"Nilicheka. Na hilo pia nimeulizwa, mbona nilicheka."

Halafu akasema mume wake hana ubaya, anajua mimi ni mtu mzuri, ila ameomba kwamba kwa sasa, kwa sasa tu, mtoto akiongea nami yeye awe ameketi hapo. Na nisimwite tena jina lile la mke. Nikasema sawa. Akalia. Nikamwambia asiendeshe gari akilia.

Darasani sikutaka kusema, lakini uso husema. Mwalimu alinizuia wenzangu walipotoka; mama wa omena akabaki bila kuambiwa. Nikawaeleza. Mama wa omena akashika mdomo. "Uwi, na mimi ndiye niliongeza!" Mwalimu akaketi kwenye dawati la mtoto.

"Sentensi ilikuwa sawa," akasema.

"Najua ilikuwa sawa."

"Nilisahihisha mimi mwenyewe."

Tukajaribu kutunga nyingine, ya kumweleza mtoto. Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika. Kwamba wewe una jina la bibi yako, ambaye alikuwa mke wangu, kwa hiyo sisi huku humwita mtoto kama wewe hivi, si kwa maana ile bali kwa maana hii. Ilijaa who na because na which mpaka ikafika pembe ya ubao ikaanza kuteremka. Mama wa omena akasema, "Hata mimi mtu akinieleza hivyo nitamkimbia." Kweli kabisa. Utani ukishaelezwa umekufa, na huu haukuwa hata utani sawasawa. Mwishoni mwalimu akafuta yote, akabakisha: I was joking. Nilikuwa natania. Nikasema hiyo ni ya mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. Akasema, "Basi usieleze, Mzee. Ongea naye tu. Ongea ya kawaida."

Jumapili simu ikaita. Alikuwa baba mtu mwenyewe amepiga, kwa sababu binti yangu alikuwa zamu kazini. Akaniita sir, akatabasamu, akamweka mtoto mapajani. Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa, zimechanwa nyuma. Alinitazama kwa uangalifu.

"Good afternoon," nikasema. "How are you?"

"I'm fine. How are you?"

"I am fine. It is hot here."

Akamtazama babake. Babake akamnong'oneza. Akageuka kwangu akafungua mdomo, akavuta mdomo wa chini kwa kidole, akanionyesha: jino la mbele limetoka. Pengo jekundu, bichi. Alikuwa na fahari nalo, na aliniletea mimi.

Sasa sikiliza. Pengo la mjukuu ni karamu ya babu. Hakuna babu kwetu anayepita hapo kimya. Maneno yalikuja yote kwa pamoja mpaka kooni: wewe mwanamke, meno yameisha hujanipikia hata siku moja! Nani atakutafunia nyama, au unataka tule uji wote wawili kama wazee? Nenda ulitafute hilo jino, sikuoa mtu wa mapengo! Naye angejibu, nina hakika angejibu, yule ana ulimi wa mwenye jina. Na Kiingereza chake nilikuwa nacho. Do ilikuwapo, will ilikuwapo, who ilikuwapo.

Juu ya kichwa cha mtoto baba yake alikuwa akinitazama, akitabasamu vizuri.

"I am sorry," nikasema. "Does it hurt?" Yaani: pole, linauma?

"No, it doesn't," akasema. Akafunga mdomo.

Akangoja kidogo. Nami nikangoja. Halafu akapunga mkono, akateremka mapajani, nikasikia miguu yake ikikimbia kwenye sakafu ya mbao.

Siku iliyofuata mwalimu alinikuta nimeshaketi kabla ya wengine. Akafungua leso yake ya vumbi, akaikung'uta dirishani.

"Ulisemaje, Mzee?"

Nikamwambia yote, ya joto na ya jino, neno kwa neno.

"Sikukosea hata moja, Mwalimu."

"Hapana," akasema. "Hukukosea." Akachukua chaki, akanipa mgongo, akaanza kuandika tarehe ubaoni.